Simu ya Upepo ya Sakafuni: Kwa Nini Hunyamaza, na Namna ya Kuilisha Umeme



Dalili ya mvua ni mawingu, lakini wakati wa vuli mawingu ya kisiwa chetu hayampi mtu nafasi. Mwenye mali yumo ndani anachambua makonyo, au yuko shambani na wachumaji wake, mara matone yanaanguka juu ya majamvi aliyoyaacha juani. Karafuu iliyokauka nusu ikiloa haiwi tena ile iliyokuwa. Huchacha, rangi yake huharibika, na mwenyewe hupata bei ya chini kwa kazi ile ile ya kupanda mti, kuchuma na kuanika. Ikumbukwe pia ya kuwa kilo 3 za karafuu mbichi hutoa kiasi cha kilo 1 tu ya karafuu kavu. Basi jamvi moja likiharibika, ni jasho la miti mingi lililopotea.

Kwa sababu hiyo baadhi ya wanachama, na hasa vijana wao waliosoma ufundi, wameanza kutengeneza chombo kidogo cha kunusa mvua sakafuni na kupeleka habari nyumbani kwa simu ya upepo, ili kengele ilie na watu watoke kuanua mapema. Wazo hilo ni jema na gharama yake si kubwa. Lakini tumesikia malalamiko ya namna moja kutoka pande nyingi: "Chombo kilisema siku mbili, kisha kikanyamaza." Wengi wamekitupa wakiamini kuwa wameuziwa kitu bandia. Twaandika makala hii kwa kuwa jambo hilo lilitupata sisi wenyewe, na tumekwisha kuijua sababu yake.

YALIYOTUPATA

Msimu uliopita tulifunga chombo kimoja kwa majaribio. Juu ya meza kilifanya kazi vizuri sana. Tukidondosha tone la maji juu ya kibao cha kunusia, kengele ya upande wa pili inalia papo hapo. Tukafurahi, tukakipeleka sakafuni. Kwa kuwa nyumba ilikuwa mbali kidogo na njiani kuna mikarafuu, tukakiamuru kitume kwa nguvu zake zote. Siku 2 hatukusikia kitu, na sisi tukasema alhamdulillah, hali ya hewa ni nzuri. Siku ya 3 mvua ilinyesha, kengele haikulia, na majamvi 4 yaliloa hata maji yakatiririka.

Tulichukua mita ya umeme tukapima: volti 3.3, sawasawa kama kitabu kinavyotaka. Basi tukaapa kuwa umeme hauna kosa, tukanunua moduli nyingine, na hiyo nayo ikanyamaza vile vile. Kumbe mita ya kawaida hupima pole pole, nayo haioni mshuko wa umeme unaotokea kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho. Redio ilikuwa ikifa njaa kila inapofungua kinywa kutaka kusema, na baada ya hapo mita ikatuonyesha ya kuwa imeshiba.

VYOMBO VYENYEWE

Kwa wale ambao hawajaviona, tueleze kwa ufupi. Kila upande una vibao viwili. Cha kwanza ni bodi yenye kompyuta ndogo kabisa ndani yake, ambayo hufuata maagizo uliyoiandikia. Bodi zinazojulikana zaidi ni za Arduino, zilizoanza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wasio mafundi wa umeme. Hapa tutaizungumzia ile iitwayo Uno R3, kwa kuwa ndiyo wanayoanza nayo wengi.

Kibao cha pili ni moduli ya redio, yaani simu ya upepo yenyewe. Ile ya bei nafuu ni ndogo, imejengwa juu ya kipande kiitwacho nRF24L01+, kilichobuniwa na kampuni ya Nordic Semiconductor ya Norway. Hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na kila ujumbe wake hauzidi baiti 32. Kwa neno "mvua" hiyo ni nafasi kubwa ya kutosha.

Moduli hizi ziko za namna mbili, na kutozitofautisha ndiko kulikotuponza. Ya kwanza ni ndogo, na antena yake imechorwa juu ya kibao chenyewe kama nyoka aliyejikunja. Ya pili ni ndefu zaidi, ina antena ya kusimama mfano wa kidole, na ndani yake kuna kipaza nguvu. Kwa macho ni ndugu, kwa tumbo ni mbali mbali. Ile ndogo, hata ikituma kwa nguvu zake zote, hula miliampea zisizofika 14. Ile yenye kipaza nguvu yaweza kula zaidi ya miliampea 100 wakati wa kutuma.

VOLTI 3.3, WALA SI 5

Jambo la kwanza la kushika ni hili. Moduli ya nRF24L01+ yataka volti baina ya 1.9 na 3.6. Bodi ya Uno hufanya kazi kwa volti 5, na juu yake kuna pini mbili za kutolea umeme, moja ya volti 5 na moja ya volti 3.3, nazo zimekaa jirani. Mkono ukikosea tundu moja, moduli inaungua, wala haitoi moshi wala harufu ya kukujulisha.

Kadhalika haifai kuifunga moduli moja kwa moja kwenye betri ya lithiamu ya namna ya 18650. Betri hiyo huandikwa volti 3.7, lakini ikiwa imejaa chaji hufika 4.2, na zote mbili zimepita kiasi.

Kuna jambo moja la kuwafariji wenye Uno. Pini za habari za nRF24L01+, yaani zile zinazopokea maagizo kutoka kwenye bodi, zaweza kustahimili alama za volti 5, maadamu umeme unaoilisha moduli ni wa volti 3.3. Usichukulie kuwa ndivyo zilivyo moduli zote. Ziko nyingine, hasa za masafa marefu, ambazo hazistahimili, nazo tutazieleza mbele.

MTUNGI KANDO YA MFEREJI

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno. Watengenezaji wa Uno R3 wamesema pini yake ya volti 3.3 itoe miliampea zisizozidi 50. Ukiifunga hapo moduli yenye kipaza nguvu inayotaka zaidi ya 100, umeipa mzigo wa punda wawili kwa punda mmoja. Na juu ya hayo redio haili kwa taratibu. Inakaa kimya, kisha ghafla inataka umeme mwingi kwa muda mfupi mno, kisha inakaa kimya tena.

Mfano wake ni nyumba yenye mfereji mwembamba. Maji yanatoka, lakini wageni kumi wakitaka kutawadha kwa pamoja hayatoshi. Mwenye nyumba mwenye akili huweka mtungi kando ya mfereji. Mfereji unaujaza mtungi pole pole, na wageni wakija wanateka mtunguni. Katika umeme, mtungi huo ni kapasita.

Chukua kapasita ya mikrofaradi 10 hata 100, uilehemu baina ya pini ya VCC na pini ya GND ya moduli yenyewe. Mambo mawili yaangaliwe:

La kwanza, ikae karibu kabisa na moduli, juu ya pini zake ikiwezekana. Mtungi ulioachwa nyumba ya jirani haumfai mgeni aliyekwisha kufika. Nyaya ndefu na nyembamba za kuchomeka nazo hupunguza umeme njiani, basi zifupishe.

La pili, kapasita za namna ya kopo zina upande wa chanya na upande wa hasi. Ubavuni mwake kuna mstari wenye alama ya kutoa; mguu wa upande huo ndio unaokwenda GND. Ukiigeuza yaweza kuvimba na kupasuka.

Kwa moduli ndogo isiyo na kipaza nguvu, pini ya 3.3 ya Uno pamoja na kapasita hutosha. Lakini kwa ile yenye antena ya kusimama, mtungi peke yake hautoshi, maana mfereji wenyewe ni mdogo. Yataka mfereji wake mbali. Madukani huuzwa kibao kidogo cha kuchomekea moduli hiyo, chenye kidhibiti volti cha AMS1117 cha volti 3.3. Kibao hicho hulishwa volti 5, nacho huishusha kuwa 3.3 na kutoa mkondo wa kutosha. Ujue tu ya kuwa AMS1117 hutaka umeme unaoingia uzidi ule unaotoka kwa volti 1 na zaidi. Kwa hiyo ukikilisha kwa betri moja ya lithiamu ya 3.7, utapata chini ya 3.3 na utarudi kwenye njaa ile ile.

Na ukitumia chanzo cha umeme cha mbali, usisahau kuunganisha waya wa GND wa chanzo hicho na GND ya bodi. Pande mbili zisizo na GND moja ni kama watu wawili wanaopimiana mali kwa pishi mbali mbali. Kila mmoja atasema yake na hawatasikilizana.

PINI NANE

Moduli ya nRF24L01+ ina pini 8 katika safu mbili. Tundu la GND, ambalo ni la 1, mara nyingi limezungushiwa mraba. Kwa bodi ya Uno zifunge hivi:

GND iende GND.
VCC iende 3.3, au kwenye kidhibiti volti.
CE iende pini 9.
CSN iende pini 10.
SCK iende pini 13.
MOSI iende pini 11.
MISO iende pini 12.
IRQ iache bila ya waya.

Pini 11, 12 na 13 haziwezi kubadilishwa kwa njia hii ya uunganishaji. CE na CSN waweza kuzihamisha, ila uandike vivyo hivyo katika programu. Hata ukiihamisha CSN, pini 10 ya Uno lazima ibaki kuwa ya kutolea alama, ama sivyo bodi itaacha kuiamuru moduli na itangoja kuamriwa.

Kosa kubwa hapa ni kusoma mchoro uliochorwa kutoka juu huku umeishika moduli kifudifudi. Kulia huwa kushoto. Kabla ya kuwasha, hesabu tena pini zote, na ikiwezekana mtu mwingine akuhesabie.

Wenye kutumia maktaba ya programu iitwayo RF24 wana njia nyepesi ya kujua kama waya zimefika. Iagize bodi ichapishe hali ya moduli kwa amri ya printDetails. Ukiona sifuri tupu kila mahali, au herufi ff tupu, basi bodi na moduli hazijajuana. Angalia waya na umeme, usianze kuilaumu programu.

MAJANI MABICHI NA MAWIMBI

Mawimbi ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12.5 hivi, nayo huzuiwa na maji. Mkarafuu haupukutishi majani mwaka mzima, na baada ya mvua kila jani lina maji. Basi chombo kilichosikika siku ya jua chaweza kisisikike siku ya mvua, na hiyo ndiyo siku tunayokihitaji. Kijaribu majani yakiwa yameloa, wala usiridhike na majaribio ya kiangazi. Weka antena juu, ionane na antena ya nyumbani kama inavyowezekana.

Pili, iagize moduli iseme pole pole. Ina mwendo wa kilobiti 250 kwa sekunde, megabiti 1 na megabiti 2. Mwendo mdogo kabisa ndio unaosikika mbali zaidi. Tatu, chagua chaneli isiyogombana na Wi-Fi ya nyumbani. Chaneli 76, yaani megahezi 2476, iko juu kidogo ya chaneli 11 ya Wi-Fi.

Kwa mwanachama ambaye shamba lake liko ng'ambo ya bonde, moduli hii haitamfaa. Ziko za LoRa, kama RFM95, zinazosikika mbali zaidi. Njia hiyo ya LoRa ilibuniwa Ufaransa na kampuni ya Cycleo, iliyonunuliwa na Semtech mwaka 2012. Lakini angalia mambo matatu. Pini zake hazistahimili volti 5, basi tumia bodi ya volti 3.3, au upunguze kila alama inayotoka kwenye bodi kwa rezista mbili, ya kiloomu 1 na ya kiloomu 2, zinazoigeuza 5 kuwa 3.3. Ikituma kwa nguvu zote hula kiasi cha miliampea 120, basi habari ya mtungi na mfereji ni ile ile. Na usiiwashe itume bila ya antena, maana nguvu isiyopata pa kutokea hurudi ndani na yaweza kuiharibu. Kwa megahezi 868 waya wa kawaida wa sentimita 8.6 ni antena ya kutosha. Kabla ya kununua, ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ni mawimbi gani yanayoruhusiwa na kwa nguvu kiasi gani.

BETRI YA SAKAFUNI

Uno yenyewe, hata ikiwa haifanyi kitu, hula kiasi cha miliampea 50. Kwa saa 24 hizo ni miliampea-saa 1200. Betri ya 2400 itakwisha kwa siku 2 tu, nasi twaanika kwa siku kadhaa. Kwa upande wa sakafuni ni bora bodi ndogo ya Pro Mini ya volti 3.3, inayoweza kuagizwa ilale na kuamka kila baada ya sekunde chache. Moduli nayo ilazwe. Ikilala hula chini ya mikroampea 1. Uno ibaki nyumbani, kwenye umeme wa ukutani.

Kibao cha kunusia mvua nacho kisipewe umeme wakati wote. Kikipitisha umeme huku kimeloa, shaba yake huliwa upesi, na hewa yetu ya chumvi huzidisha. Kipe umeme wakati wa kusoma tu, kisha ukate.

KIMYA SI HABARI NJEMA

Hili ndilo tulilojifunza kwa gharama ya majamvi 4. Tulikitengeneza chombo kiseme wakati wa mvua tu. Basi kilipokufa, ukimya wake ulifanana na ukimya wa jua. Sasa tumekiagiza kitume salamu kila dakika 1, mvua iwepo isiwepo. Upande wa nyumbani usiposikia salamu kwa dakika 3, kengele hulia kwa sauti nyingine, na mtu hutoka kutazama. Chombo cha namna hii hakimdanganyi mwenyewe. Twawaomba wanachama wote wanaotengeneza wasiliache jambo hili, hata kama wataacha mengine.

CHOMBO KIKINYAMAZA

Kabla ya kukitupa au kununua kingine, fuata mpango huu:

1. Tazama kama moduli iko kwenye 3.3 na si kwenye 5.
2. Tazama kama kapasita ipo, iko karibu, na mguu wa hasi uko GND.
3. Kama moduli ina kipaza nguvu, ipe kidhibiti volti chake.
4. Hakikisha GND zote ni moja.
5. Punguza nguvu ya kutuma kufika chini kabisa, uweke pande mbili mbali kwa hatua 3 au 4. Ikisema sasa na haikusema kwa nguvu kubwa, basi kosa ni umeme.
6. Hesabu tena pini 8.
7. Hakikisha pande zote mbili zina chaneli moja, mwendo mmoja na anwani moja.
8. Yote hayo yakiwa sawa, ndipo uishuku moduli.

Moduli zetu mbili tulizozilaani zote zilikuwa nzima. Tulizipa kapasita na kidhibiti volti, na hivi sasa moja iko sakafuni na ya pili iko nyumbani. Tangu hapo tumeanua mara kadhaa kabla ya jamvi kuloa.

La mwisho, tusijidanganye. Mtambo haushiki jamvi. Ukilia na nyumbani hakuna mtu wa kutoka mbio, karafuu italoa kama kawaida. Basi wekeni kengele mahali panaposikika, na watu wa nyumbani wajue sauti ya mvua na sauti ya betri. Mwanachama mwenye chombo kilichonyamaza asikitupe. Akilete siku ya mkutano pamoja na betri yake, tukitazame kwa pamoja.

Twawatakia mavuno mema na jua la kutosha, inshallah.